Mvua Iliyonyesha Kiuyu Mwaka wa Siasa

Juzi nilikwenda Kiuyu kumtazama mgonjwa, na mjukuu wangu ndiye aliyeniendesha. Njiani redio ya gari ilikuwa na watu wanabishana, huyu anasema serikali za zamani zilikuwa na adabu, yule anasema sasa ndiyo tumeona nuru. Mjukuu akaizima akaniuliza, "Wewe bibi uliyeziona zote, hebu sema, dunia inakwenda mbele au inarudi nyuma?" Nikamwambia atazame barabara. Lakini kioo kilikuwa wazi, ikaingia harufu ya karafuu zilizoanikwa, na wewe sahibu yangu kama umekulia Pemba unajua harufu ile haibishi hodi. Nikawa na miaka minane.

Msimu wa karafuu Kiuyu yetu yote ilinuka hivyo, mpaka muhogo wa nazi ulikuwa na ladha ya karafuu. Alasiri tulikaa barazani kuchambua, unavunja kishada kwenye kiganja, vikonyo huku, karafuu kule, na vidole vinakuwa vyeusi hata sabuni haiviwezi. Asubuhi yake majamvi yanatandikwa uani. Siku ya kwanza karafuu zina kijani na wekundu, siku ya tatu zimekuwa kahawia, ukizikanyaga zinalia kidogo chini ya mguu.

Ua wetu na wa jirani ulikuwa mmoja, hauna uzio wala kigingi, majamvi yao na yetu yakigusana. Jirani yule na bibi yangu walikuwa wakiitana dada. Moto ukizimika kwetu natumwa kwake na kifuu cha nazi kuchukua kaa la moto, na narudi na kaa mkono huu, mkono huu kipande cha mkate wa kumimina. Na mvua ilikuwa na sheria yake. Anayeiona kwanza apige ukelele, na kila mtu aanue karafuu zilizo karibu naye. Bibi akisema, "Mvua ikija hupati wakati wa kuuliza ya nani." Tena ilikuwa aibu kushukuru! Ukimshukuru mtu kwa kukuanulia, anakuuliza, kwani wewe usingenianulia?

Kisha ikaja siasa. Wakubwa walisema tunataka kujitawala, na haki walikuwa nayo, hata mimi nilipeperusha kitambaa nikapiga vigelegele kwa nisichokijua. Lakini haikuchukua muda, kila chama kikawa na duka lake, gari lake, kisima chake. Wapo waliosusia kuzikana, astaghfirullah. Nyumba yetu ilikuwa chama hiki na ya jirani chama kile, sikutajii kipi ni kipi maana utaanza kunipima. Sikutumwa tena na kifuu. Bibi alinunua kiberiti.

Jirani alikuwa na binti mmoja tu, kishawekwa ndani, mwali, hatakiwi kuonekana wala kusikika, anangoja harusi yake. Karafuu zilizokuwa juani wiki ile zilikuwa za kulipia harusi hiyo, na hakuna mtu kijijini asiyejua. Siku moja yule mama akazianika asubuhi, akajitanda buibui lake, akaenda kwenye mkutano wa chama chake. Hakumwachia mtu neno. Watu wameshagawana visima, na yeye bado kaacha harusi ya mwanawe juani karibu na mlango wetu, akaenda zake.

Nilikuwa nafukuza kuku. Adhuhuri ilikuwa kimya, jua limelala juu ya majamvi, na mimi nimesimama kama niliyesinzia. Ndipo nikaliona wingu likipanda nyuma ya mikarafuu, jeusi, halina haraka. Nikafungua mdomo nipige ukelele. Bibi alikuwa kizingitini anapepeta mchele. Nikamtazama. Hakunikataza, wallahi. Aliweka ungo chini, akalitazama wingu, akaanza kukunja majamvi yetu taratibu, bila sauti, nami nikaufunga mdomo wangu nikamsaidia.

Zetu zilipokuwa ndani mvua ikaanguka. Tulisimama chini ya upenu. Nikauliza, "Bibi, na zile?"

"Chama chao kitawaanulia."

Karafuu za jirani ziliinuka, zikaelea, zikashuka uani kidogo kidogo mpaka kizingitini kwetu. Harufu ilikuwa tamu kuliko harufu yoyote niliyowahi kunusa, Mungu anisamehe.

Yule mama alirudi ameroa. Akasimama mbele ya bibi. "Dada, hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

Yule mama akatazama uani. "Siku zote nikiambiwa mambo haya nikiwajibu watu, kwetu sisi hayajafika." Akainama kuzoa karafuu zake matopeni. Zilivimba, zikageuka rangi ya majivu, hakuna aliyezitaka. Harusi ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena, na upande wa bwana harusi ukachoka ukaposa kwengine. Bibi hakuitaja siku ile mpaka anakufa, lakini kila mvua ilipoanza aliondoka mlangoni, akaingia ndani.

Uhuru ukaja, na mapinduzi yakaja nyuma yake, na serikali zikafuatana. Nilisomeshwa bure, mimi mtoto wa kike wa shamba, nikawa mwalimu. Leo Kiuyu ina umeme, na mzazi akizidiwa na uchungu anapelekwa hospitali kwa gari. Anayekwambia zamani kulikuwa peponi mwambie anyamaze.

Mgonjwa niliyekwenda kumtazama juzi ni yule mwali. Aliolewa baadaye na mtu mwengine, akazaa, akazeeka mle mle nyumbani kwa mama yake. Nilikuwa sijatia mguu nyumba ile tangu utoto. Niliketi kitandani kwake, nikamshika mkono, nikamwambia nilichokibeba miaka yote, kwamba mimi ndiye niliyeliona wingu kwanza. Nikaanza kulia, bibi mzima.

"Najua," akasema. "Nalikuwa dirishani. Nilikuona umetazama mbingu, ukatazama karafuu zetu, ukamtazama bibi yako."

"Mbona na wewe hukupiga ukelele?"

"Mwali atapigaje ukelele?" Akacheka kidogo, akakohoa. "Tena sikuona haja. Nilidhani utaita."

Kurudi nilikaa nyuma garini, sikutaka kuzungumza. Kando ya lami karafuu zilikuwa nyingi, zimeanikwa kwenye maturubai ya buluu, na kila turubai lina mwenyewe amekaa pembeni yake, uso juu, analinda mbingu peke yake. Mjukuu akaniuliza tena kuhusu dunia. Nikamwambia barabara ni nzuri. Sikuweza kumwambia kwamba katika wale wote hapana hata mmoja aliyedhani jirani yake ataita, na kwamba mmoja wa waliowafundisha hivyo amekaa kiti cha nyuma.