Kioo Kimoja, Tone Moja

Ninauza dagaa sokoni Mabatini, na gunia silinunui kwa kutazama juu. Juu hupangwa wazuri. Mimi huzamisha mkono mpaka kwapani, nikavuta, nikahesabu waliovunjika, kisha nikarudia upande wa pili.

Ndiyo maana siku mtaalamu wa maabara aliposema damu ya binti yetu wa miaka miwili ina selimundu, niliomba nione mwenyewe. Mke wangu alibaki kwenye benchi nje, mtoto amemlalia mapajani, vidole vimevimba. Yule dada wa maabara alikubali, nadhani kwa kuchoka kubishana nami.

Alinifundisha kuzungusha skrubu ya hadubini polepole. Nikamwambia naona nyasi. Akasema hizo ni kope zangu, nirudi nyuma kidogo. Picha ikatulia: viduara vyekundu, katikati vimefifia. Akaeleza kwamba chembe nyingi za mwili zina kiini, ila hizi hazina. Ni utando laini tu uliobeba rangi inayosafirisha hewa, na ulaini huo ndio huzipitisha kwenye mishipa myembamba. Zile zilizochongoka ncha mbili, kama mundu wa kukatia mpunga, ni ngumu. Zinakwama, na zinapokwama mtoto analia.

Nilizihesabu, kumi na moja. Nikarudia, kumi na mbili.

"Dada, hapa ni juu ya gunia," nikasema. "Nipeleke chini."

"Baba, damu haina chini."

"Basi pembeni."

Akasogeza kioo. Tisa. Nikamwambia unaona, zinapungua. Akasogeza tena. Kumi na nne. Nikaomba tone jingine. Akasema anaweza, ila itabidi amchome mtoto upya, na jibu litakuwa lile lile. Kipimo cha pili walishafanya. Nikaondoa jicho. Nimewahi kupunguziwa bei na watu wagumu kuliko yule dada, lakini yeye hakuwa na cha kunipunguzia.

Nje, mke wangu aliuliza kama wamekosea. Nikamwambia hapana. Akauliza mtoto ameutoa kwa nani ugonjwa huu.

"Kwetu wote wawili. Nusu kwa nusu."

Akaweka mkono kwenye tumbo lake la miezi saba.

"Na huyu?"

Hilo nilikuwa nimeuliza pia. Moja kati ya nne, dada alisema, kila mimba, na mtoto aliyetangulia hapunguzi chochote.

Nikamwambia mke wangu sijui.