Bila Njugu, Tafadhali

Nangila alikuwa amefua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili, na kila jioni alipopanda kwenda darasa la Kiitaliano mjini Nakuru, magoti yalimlalamikia ngazi kwa ngazi. Wenzake darasani walikuwa vijana wenye ndoto za kazi Ulaya. Yeye alitaka sentensi moja tu. Bintiye Natalie, aliyeolewa Turin, Italia, alikuwa anakaribia kujifungua na alimtaka mamake kwa miezi mitatu, lakini alishasema hatakata tiketi mpaka mama aweze kuagiza chakula na kueleza kisitiwe njugu.

Njugu zilikuwa nusura zimuue Nangila mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa wakwe zake Bungoma, alipokataa mboga iliyoungwa kwa njugu akaambiwa analeta maringo ya mjini. Akala kijiko kimoja kumridhisha mama mkwe, koo likafunga, akakimbizwa hospitali. Hata baada ya hapo kuna waliosema alijifanyisha. Alieleza katika kila harusi na kila matanga mpaka akachoka kueleza. Siku hizi alisema tu ameshiba.

Mwalimu wao, Kiptanui, aliwakaririsha: *Senza arachidi, per favore*. Bila njugu, tafadhali. Lile neno la njugu, linalotamkwa arakidi, lilimshinda Nangila wiki nzima. Jioni nyingine alisinzia, shavu juu ya daftari, na Kiptanui akaendelea kufundisha kwa sauti ya chini.

Mwisho wa kozi aliwapeleka Jumamosi mchana kwenye mkahawa wa mzee mmoja Mwitaliano, kila mtu ajiagizie kwa mdomo wake. Nangila alifika akitoka kazini, mikono bado inanuka sabuni. Zamu yake ilipofika aliagiza tambi, akasema sentensi yake yote bila kukosea.

Mzee hakuandika. Alimtazama akauliza, "*Perché?*"

Kwa nini. Swali hilo halikuwa kwenye daftari. Nangila alimgeukia Kiptanui, naye akamwashiria ajibu mwenyewe. Maelezo yote ya miaka yote yalimjaa kifuani, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, na hakuwa na neno la Kiitaliano la kuyabebea. Akatafuta katika vile vitenzi vichache alivyovishika, akapata kimoja.

"*Muoio*," alisema. Ninakufa.

Mzee aliweka kalamu chini. Kupitia kwa Kiptanui alieleza kwamba sosi yake ya kijani huisaga na njugu, kwa kuwa mbegu za msonobari zinazotumika kwao ni ghali huku. Aliagiza sufuria ioshwe upya, kisha akaenda mwenyewe kusimama mlangoni pa jikoni mpaka chakula kikaiva.

Nangila alifuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Mama Natalie, uko sawa?" Kiptanui aliuliza.

"Niko sawa, mwalimu. Ni uchovu tu." Akakikunja kitambaa. "Huyu ameuliza mara moja, akaniamini, basi."

Tambi zililetwa na nyanya na chumvi tu. Hazikuwa na ladha ya kusifiwa, lakini alizimaliza polepole. Kisha akamwandikia Natalie akate tiketi, akaomba ruhusa, akarudi nyumbani mtaa wa Section 58 kulala kabla ya jua kutua.