Mtelezo wa Shangazi Kinue

Saa nne na robo asubuhi, ghorofa ya tatu ya jengo jembamba mtaa wa Nipponbashi, Osaka. Viatu vimepangwa mlangoni. Ndani, Tsujimoto Kinue, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, amekunja miguu juu ya kiti kama yuko sebuleni kwake, na anapigwa.

Anapigwa hasa. Kwenye skrini, fahali wa shaba mwenye mikono minne anamrusha mwanamke wa upanga ukutani, anamfuata, anamrusha tena. Vidole vya Kinue vinakimbia juu ya vitufe, lakini wapi.

"Shangazi, umekufa mara ngapi tangu asubuhi?" anauliza Mibu Chizuru, binti wa miaka ishirini na saba anayeandika programu za gemu hiyo, akichungulia mlangoni na kikombe cha chai.

"Kumi na tisa. Na ukiendelea kunisimamia hapo na hiyo chai bila kunipa, mwanangu, wa ishirini utakuwa wewe."

Chumba kizima kinacheka. Lakini leo kicheko kina hofu ndani yake. Saa tisa alasiri mkuu wa gemu, Okuzono Takehiro, ataamua kama kitu kidogo alichokigundua Kinue kitabaki au kitafutwa kabisa. Nakala ya mwisho inatakiwa kiwandani baada ya siku kumi na mbili.

Kitu chenyewe wenzake wanakiita mtelezo, na toleo analolicheza asubuhi hii halina.

Kazi ya Kinue ni kucheza gemu mpaka iharibike, kisha kuandika imeharibikaje. Analipwa yeni 1,280 kwa saa, kwa mkataba wa miezi sita sita, na huu wa sasa unaisha tarehe 31 mwezi huu wa Machi. Wiki nzima ya Januari aliimalizia kwenye ukuta mmoja, akiusukuma kwa bega la yule mwanamke wa upanga, hatua kwa hatua, kuona kama una tundu.

"Watu wananiambia, 'Kumbe unalipwa kucheza!' Nawaambia, njoo ufungue mlango mmoja mara mia nne, halafu ndiyo tuongee habari za kucheza."

Gemu za aina hii zina mambo yake. Kumwua adui hakutoshi, wanaangalia umemwuaje. Pembeni mwa skrini kuna alama za madaha. Ukibadilisha mapigo, ukikwepa kwa karibu, ukimrusha adui na kumdaka angani, alama zinapanda. Ukirudia pigo lile lile, zinaporomoka. Watu wawili wanaweza kupewa upanga mmoja na adui mmoja, huyu akashinda kama anafua blanketi, na yule akashinda kama yuko ngomani na wakwe zake wanamtazama.

Kinue aliyaelewa hayo siku ya kwanza, maana miaka kumi na tisa alikaanga mishikaki kwenye kijimkahawa cha mtaa wa Shinsekai. Pale bakuli la mchuzi ni la wote, na sheria ni moja: mshikaki unachovya mara moja tu.

"Mtu akichovya mara mbili tunamtoa, hata awe nani. Sasa nilipoona kwenye gemu ukirudia pigo unashushwa, nikasema ahaa, hawa ni watu wa kwetu."

Ajira yenyewe aliipatia pale pale kwenye mafuta. Vijana wa studio hii ya gemu walikuwa wateja wake wa mchana. Siku moja mmoja wao aliweka mashine ndogo ya gemu mezani, akawa analalamika kuwa pambano fulani limemshinda wiki nzima. Kinue, ambaye usichana wake wote aliumalizia kwenye ukumbi wa mashine za michezo wa mjomba wake, alijifuta mikono kwenye aproni, akaichukua mashine, akamaliza pambano kabla awamu ya pili ya mishikaki haijaiva. Mkahawa ulipofungwa miaka minne iliyopita, vijana wale ndio waliompigia simu.

Mtelezo aliupata Oktoba. Siku hiyo alikuwa anajaribu miruko. Mwanamke wa upanga akitua chini kutoka juu, hana budi kusimama kidogo, kama robo ya sekunde, kabla hajaweza kupiga tena. Kinue, kwa mazoea ya kubonyezabonyeza, akafungua mwavuli wa chuma, ule ambao mwanamke huyo huutumia kama ngao, wakati nyayo zinagusa ardhi. Mwanamke hakusimama. Aliteleza mbele kwa kasi yote aliyoshuka nayo, upanga ukiwa huru mkononi.

Akarudia. Ikatoka. Akarudia tena.

Aliandika karatasi ya kasoro kama sheria inavyotaka, akaipa daraja la tatu, lile la mambo yasiyodhuru, yanayorekebishwa muda ukipatikana. Karatasi za kasoro zilikuwa zimeshapita elfu mbili. Muda haukupatikana.

"Kuandika niliandika," anasema. "Kosa langu ni kunogewa."

Na hapa ndipo palipozuka kisa. Mjaribu gemu anatakiwa kucheza gemu kama itakavyokuwa, si kama ilivyo siku hiyo na matundu yake. Kinue alijua hilo. Ila vidole vilishazoea, vikawa vinateleza vyenyewe. Na majira yote ya baridi, wabunifu walikuwa wanampima yule fahali wa shaba, jitu la mwisho kabisa kwenye gemu. Wampime kwa nani? Kwa mkono bora uliopo chumbani. Kinue akishinda kirahisi, wanamwongezea fahali kasi. Akishinda tena, wanamwongezea nguvu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mkono ule una kitu ambacho mnunuzi dukani hatakuwa nacho.

Jumatatu ya wiki iliyopita, Mibu aliamua kusafisha karatasi za daraja la tatu. Mtelezo aliufuta kwa dakika kumi.

"Hata nilifurahi," anasema Mibu. "Niliweka tiki nikaenda zangu kula tambi."

Kesho yake fahali alipiga kila mtu, hata Kinue. Wajaribu sita, siku mbili, ushindi sifuri. Maneno yakaanza kwenye mashine ya vinywaji, maana pale ndipo habari zote za jengo hili zinapochacha. Wengine walisema Mibu kamwongezea fahali nguvu kwa makusudi kwa kuwa alinyimwa likizo. Wengine wakaapa walimwona akicheka peke yake kwenye lifti. Binti wa watu akaulizwa mbele ya kikao kagusa nini. Akajibu hajamgusa fahali, na kweli hakumgusa. Nani amwamini?

Kinue alijua tangu saa ya kwanza. Vidole vyake vilitua, vikatafuta, visikute kitu. Akanyamaza siku nzima.

"Mkataba unaisha mwezi huu huu," anasema, na kwa mara ya kwanza hatanii. "Nikajiambia, tulia, watampunguza fahali, yatapita. Kesho yake nikamkuta huyu mtoto analia kwenye ngazi, analia kwa jambo langu. Mficha uchi hazai, bwana. Nikapanda juu."

Walichozungumza huko juu kinajulikana jengo zima, kwa sababu mlango wa Okuzono haufungi vizuri.

"Bosi, mizani yenu mbovu."

"Mizani gani, Shangazi?"

"Mimi."

Okuzono, bwana wa miaka arobaini na moja asiyependa maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Mibu arudishe toleo la zamani, na Kinue acheze. Kinue alicheza dakika nne. Wanasema Okuzono hakutazama skrini hata kidogo, alitazama mikono.

"Inapendeza," akasema. "Lakini ni kasoro. Tukiiacha watasema Osaka tulilala kazini."

"Waache waseme. Wakishaijaribu watanyamaza, mikono itakuwa na kazi."

Ndipo Okuzono akatoa sharti. Kama kila atakayeutumia mtelezo atacheza kama Kinue, basi ni njia ya mkato. Ataufuta, na fahali atalegezwa ili apigike. Kama kila mtu ataufanyia lake, basi ni chombo, nao utabaki. Watu watano wasio wajaribu gemu watacheza toleo lenye mtelezo. Kinue haruhusiwi kuwafundisha, isipokuwa sentensi moja tu.

Saa tisa imefika. Chumba cha watu wanane kina watu wasiopungua thelathini. Wachoraji wameshuka, watu wa sauti wamepanda, mtu kaingia na sahani ya takoyaki za moto, vile vitumbua vya pweza, naye Okuzono anafoka.

"Nani kaleta mafuta hapa? Mtu asinishikie vitufe na mikono ya pweza!"

"Nipe mimi nikuwekee, bosi," anasema mmoja, na anaanza kuzila.

Kinue anasimama, anakohoa, anatoa sentensi yake: "Ukitua, fungua mwavuli kabla hujakumbuka kwamba umetua."

"Hiyo ni sentensi au kitendawili?" anauliza anayeanza.

"Cheza, baba."

Wa kwanza ni mchoraji wa miti. Anakufa mara tatu, mtelezo hajauona hata kwa mbali. Kinue anatoa peremende mfukoni, anaivunja kwa meno. Wa pili, kijana wa sauti, anaupata jaribio la pili. Anateleza mbele, anapiga, anaruka, anateleza mbele, anapiga. Ni Kinue mtupu. Okuzono anaandika kitu kwenye daftari.

"Umemfundisha?"

"Sijamfundisha, bosi. Ana haraka kama mimi, ndiyo maradhi yetu."

Wa tatu ni Bi Shirafuji wa uhasibu, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na ambaye hajawahi kushika gemu yoyote ya studio inayomlipa. Anakufa mara mbili. Mara ya tatu anampa fahali mgongo. Anatua, anateleza nyuma, anapita chini ya mikono minne, anatokea upande wa pili. Anarudia kwa upande mwingine. Dakika nzima hapigi hata pigo moja, na alama za madaha zinapanda tu, kwa sababu kila mkono unamkosa kwa unywele.

"Mama, pigana basi!" mtu anapiga kelele.

"Nipigane ya nini? Si anachoka mwenyewe!"

Chumba kinalipuka. Mtu anapiga meza. Bi Shirafuji anakufa huku anacheka, anarudisha kitambaa chake shingoni kama mtu aliyetoka saluni.

Wa nne alikuwa awe bwana wa mapokezi, lakini kaona watu walivyo wengi, kakimbia. Anasukumwa Mibu. Anasema hataki, yeye ndiye aliyeufuta, atauchezaje? Kinue anamshika mabega, anamkalisha.

"Ulifuta wewe, basi ulijue ulilolifuta."

Mibu anakufa mara moja. Kisha anatulia. Anatua, anateleza, anaruka kabla mtelezo haujaisha, anatua, anateleza tena. Hampigi fahali usoni kama Kinue. Anamzunguka kwa vipande vipande, kama mtu anayefagia uwanja, na kila akipita nyuma anakata kisigino. Fahali anageuka, hayupo. Anageuka, hayupo. Mkono wa kwanza unaanguka, kisha wa pili.

Fahali anapiga magoti. Ndiyo mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Mibu ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Lakini anayepiga kelele zaidi ya wote ni Kinue, ambaye amesogea hadi pua inakaribia skrini.

"Hiyo sikuijua! Mwezi wa sita huu niko nao, hiyo sikuijua! Umeitoa wapi, we mtoto?"

"Sijui, Shangazi. Mikono tu."

Bado mmoja. Okuzono anavua koti, anakaa mwenyewe. Anakufa. Anakufa tena. Mara ya tatu anateleza kwa nguvu zote mpaka nje ya uwanja wa pambano, anatumbukia shimoni bila kuguswa na mtu.

"Na hilo ni madaha yako, bosi?" anauliza Kinue. "Au niandike karatasi?"

Hata Okuzono anacheka. Anaweka vitufe chini, anatazama daftari lake, anakata alichokuwa ameandika.

"Ubaki," anasema.

Kelele zinazofuata zinasikika hadi duka la chini. Ila Okuzono anainua kidole, masharti bado. Mibu amtie mwanamke wa upanga vumbi miguuni na mlio wa chuma, ili mchezaji ajue mtelezo amepewa, hakuuiba. Fahali apimwe upya na watu kumi, ndani ya siku kumi na mbili. "Na wewe, Shangazi, humgusi fahali tena mpaka gemu itoke." Kwa siku ile moja ya kunyamaza, aandike barua ya kuomba radhi, kwa Mibu kwanza, kisha kwa studio, na apige muhuri wake.

Kinue anaiandika pale pale, wima, karatasi juu ya mgongo wa kijana wa sauti. Mibu anaisoma, anaikunja mara nne, anaingiza kwenye mfuko wa shati.

Kuhusu mkataba, umeongezwa miezi sita, naye anahamia meza ya wabunifu wa mapambano. Malipo ni yale yale, "kwa sasa." Okuzono alipoulizwa na gazeti hili kwa nini anampandisha mtu aliyemvurugia ratiba, alifikiri kidogo.

"Wa kutafuta kasoro ninao wengi. Wa kunogewa nilikuwa naye mmoja, na karibu nimpoteze."

Gemu itatoka Juni. Duka moja la mtaa wa pili huweka skrini mlangoni kwa wapita njia, na Kinue ameshaomba likizo ya siku hiyo. Hatacheza. Atasimama nyuma ya watu na mfuko wake wa sokoni, kama mama yeyote anayemsubiri mtu.

"Nataka nimwone mgeni," anasema, "mtu asiyejua hata kama nipo. Atue, ateleze, halafu afanye kitu ambacho si changu wala si cha Mibu. Nitampigia makofi hapo hapo barabarani, anione mwehu."

Na akishampigia makofi?

"Kesho yake naingia kazini mapema," anasema Kinue, "nimwige."