Shahidi wa Medali ya Baba

Kwa mujibu wa rekodi za jeshi, baba yangu hakuwahi kulinda amani ng'ambo, kwa hivyo hakustahili medali. Ili rekodi hizo zirekebishwe, alihitaji shahidi aliyetumika naye. Aliyebaki hai ni mzee mmoja wa Murera, jirani yetu wa shamba, ambaye yeye na Baba hawakuwa wakisalimiana tangu wagombanie mpaka. Mimi na digrii zangu nilipendekeza rufaa ndefu. Baba alivaa koti. "Twende."

Mzee alitukuta getini. "Umekuja kusongeza mpaka tena?"

"Nimekuja unishuhudie kwa jeshi."

"Kule ng'ambo ulikuwa mwoga sana."

"Lakini nilikuwako?"

Mzee akacheka. "Ulikuwako, ukitetemeka. Na hayo pia nitawaandikia."

Baba alininyang'anya kalamu, akampa. "Andika yote."