Maji ya Kaka Deusi

Agosti 1995 kaka yangu Deusi alipanda mti porini kurina asali, kamba ikakatika, akaanguka. Alirudi kijijini Kasekese akiwa hai, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini mwili ulikuwa umenyamaza. Tulimzika mwaka jana, mwanangu, ndiyo maana leo naweza kukusimulia kosa langu bila yeye kudakia na kulikuza.

Homa zilimwandama. Leo kifua, kesho mkojo. Shangazi Perpetua, aliyekuwa muuguzi zamani kule Karema, akatuambia: anayelima hujipasha damu mwenyewe, huyu anayekaa tumpashe sisi kwa maji ya uvuguvugu, huenda mwili wake ukapata nguvu ya kupigana na maradhi. Tukapasua pipa kwa urefu, tukawa tunamketisha humo kila jioni.

"Leo mnapika mchicha au mnapika mtu?" alizoea kuuliza.

Nakumbuka siku moja Shangazi alikwenda Mpanda mjini, akaniachia kazi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hakuna nisichokijua. Nikamimina sufuria ya kwanza, nikauliza, "Kaka, yamezidi?"

"Hata siyasikii. Ongeza bwana, unazionea huruma kuni?"

Nikaongeza. Tulipomtoa na jirani, miguu ilikuwa na malengelenge. Uso ulimwaka, na chini ya kiuno hakuna hata tone la jasho.

Shangazi aliporudi hakupaza sauti. "Ulimuuliza nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Miguu bubu, wewe umeiita shahidi! Kiwiko chako cha kupimia maji kilikuwa wapi?"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza pasipokuwa na jibu. Kidonda kilichukua miezi mitatu kupona, na mara mbili tuliambiwa mguu huenda ukakatwa. Nilikiosha kila asubuhi huku nalia.

"Nyamaza, mdogo wangu," Deusi alisema. "Mwenye mguu haumwi, wewe unalia kwa niaba ya nani?"

Mwanangu, ukimhudumia mtu, usimwachie kazi ya kuhisi kile ambacho mwili wake hauwezi tena kuhisi. Pima wewe, kwa kiwiko chako. Mtazame usoni, wala usimwache peke yake kwenye joto. Na dawa usiisifie kupita inavyostahili. Baadaye homa zilipungua, kweli, lakini tulikuwa pia tumejifunza kumgeuza na kumnywesha maji ya kutosha. Kipi kilimsaidia sijui, na sitakudanganya. Mungu akujalie mikono isiyo na pupa.

Kidonda kilipofunga, tulijaza pipa tena. Nikatumbukiza kiwiko.

"Vipi?" Deusi akauliza.

"Bado."

"Bado mpaka lini? Nitaota ukungu hapa!"

Yalipokuwa sawa nikamwita Shangazi naye atumbukize chake. Deusi akatutazama tulivyoinama kama mbuzi mtoni, akacheka mpaka akakohoa. Tukamwinua, tukamwingiza.