Khattab na Timu Yake ya Malta

Shemeji yangu Khattab, karani wa baladia, yaani manispaa, hapa Ibra, Omani, ujanani alifanya kazi bandarini Malta, na timu ya mtaa aliokaa ikamganda moyoni. Kila ikiingia mashindano ya Ulaya hutolewa raundi ya kwanza. Mie, ninayeujua mpira kuliko makocha wote wa mkoa wetu wa Sharqiya, nilimwambia mapema: "Bwana wee, hiyo timu au msiba?" Na kweli, kila ikitolewa nikiwakusanya majirani tukamwendee na nyuso za huzuni kumpa pole ya msiba: "Adhama Allahu ajrak!" Naye akicheka, akitumiminia kahawa kama wa matangani.

Mwaka 2003 sukari ilikuwa imeshamla jicho moja, na la pili daktari alisema limebakiza miezi michache. "Nataka niione ikivuka mara moja tu," aliniambia. Mechi ya kwanza, ugenini, wakatoka sare ya bao moja kwa moja. Nyumbani hata sare ya bila bao ingewavusha, kwa lile bao la ugenini.

Siku ya marudiano nikamtegea dishi, akakaa pua karibu inagusa televisheni. Dakika themanini na nane, hakuna bao. Mara wageni wakapiga krosi, uwanja mzima ukanyamaza.

"Beki kaokoa, eti?" akaniuliza. "Niambie, shemeji, mie naona ukungu tu."

Hakuna anishindaye kwa uongo Ibra hii, lakini siku ile ulinikimbia.

"Limeingia," nikasema.

"Zima."

"Zimebaki dakika mbili, Khattab."

"Zima, nakwambia."

Nikazima.