Mama na Kuta za Kasingirima

Sisi tuliokulia Kasingirima, kule Ujiji, tuna harufu yetu ambayo watoto wa siku hizi hawaijui: udongo mbichi uliochanganywa na majani makavu, unaisubiri miguu yetu. Masika yakiisha tu, mama zetu walituita wote tuukanyage, nyumba zikandikwe upya. Tulikanyaga tukiimba na kusukumana, tope mpaka masikioni, kisha tukaletewa ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, walioelea kwenye mawese. Ole wako utoroke! "Usipoziba ufa utajenga ukuta," mama alikuwa akisema, na fimbo iko mkononi. Kijana wa leo mwambie akanyage tope uone. Atakuuliza raba zake ataziweka wapi.

Nyumba zenyewe zilikuwa za matofali mabichi, zimeegemeana, jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani.

Sasa wakanyagaji tumetawanyika. Mimi niko mtaa wa Katubuka, kwenye nyumba ya bloku, na mama amebaki peke yake kule. Mdogo wangu, kwa mapenzi tu, alileta fundi akapiga plasta ya saruji kuta zote. Ilipendeza, wallahi! Kumbe saruji na udongo hawaelewani. Maji yanapenya kwa juu, yanakosa pa kutokea, ukuta unaoza ndani huku uso unameremeta. Nyumba ya jirani iliyopigwa plasta vilevile ilishuka masika yaliyopita, mchana kweupe, bahati wenyewe walikuwa sokoni. Tangu hapo mimi na mvua hatupatani. Nikiona wingu limejikusanya juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, namwaza mama tu.

Juzi wingu hilo liliposimama tena, nikakodi bajaji mbio. Nilimkuta mama ameketi kitandani na ungo wake, anachambua dagaa.

"Shikamoo mama. Twende kwangu, nakuomba."

"Marahaba. Nyumba ikihamwa inaanguka, mwanangu. Huyajui hayo?"

"Na ikianguka wewe umo ndani?"

Nikagonga ukuta kwa kidole, ukaitika utupu, na udongo ukasikika ukichuruzika nyuma ya plasta. Mama naye aliusikia, kwa sababu mikono yake ilisimama juu ya ungo. Mvua ikaanza kupiga bati.

"Mama, huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini kufia nyumba ya watu naogopa zaidi."

"Kwangu ndiko kwa watu, mama?"

"Kwako ni kwako," akasema taratibu. "Hapa ndipo kwangu."

Kumbeba siwezi, kumwacha siwezi. Enzi zetu radi ikipiga tulimkimbilia yeye, anatufunika kanga yake, hofu inaisha palepale. Leo ninayemhofia ni yeye mwenyewe, na wa kumkimbilia sina. Nikavua viatu, nikapanda kitandani, nikamshika mkono, tukakaa tunausikiliza ukuta.